Ndege wa Mtoni Wakati wa Baridi

Mwalimu mmoja wa shule iliyo karibu na Tukuyu alitupa habari za mabishano yaliyotokea darasani mwake. Aliwauliza wanafunzi: Mbayuwayu huenda wapi wakati wa baridi? Nusu ya darasa wakasema hufa. Nusu ya pili wakasema hawafi, bali hujificha katika matundu ya kingo za mto, humo hulala hata mvua zirudi. Na mvulana mmoja akaapa ya kuwa amewaona kwa macho yake wakiingia. Mwalimu hakuwa na jawabu la kuwanyamazisha. Basi tukakubaliana naye kwenda kutazama wenyewe, na Jumamosi moja ya mwezi wa Julai tukashuka mtoni Kiwira, sisi na yeye na wanafunzi wanne, mmoja wao akiwa ni yule aliyeapa.

Wasomaji wa Rungwe hawahitaji kuelezwa baridi ya Julai. Lakini kwa ajili ya wale wakaao pwani, ambao hudhani Afrika yote ni jua tupu, twasema ya kuwa mji wa Tukuyu umejengwa juu ya mabega ya mlima Rungwe, ambao kilele chake chafika futi 9,700 hivi, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti ukungu hushuka asubuhi hata migomba iliyo hatua ishirini mbele yako haionekani. Juu zaidi, katika uwanda wa Kitulo, umande wa usiku huganda ukawa mweupe juu ya majani. Tulivaa makoti mazito, na bado vidole vyetu vilikataa kushika kalamu mpaka saa mbili ya asubuhi.

Tulianzia karibu na lile daraja la mawe liitwalo Daraja la Mungu, mahali ambapo mto wapita chini ya mwamba uliomiminwa zamani na moto wa milima hii. Tulikaa kimya chini ya miti. Kwa muda wa saa nzima hatukuona mbayuwayu hata mmoja, na mwalimu akaanza kuwatazama wanafunzi kwa jicho la ushindi. Mara yule mvulana akanyosha kidole: "Wale pale, Mwalimu!" Kweli, ndege wawili weusi, wembamba, wenye mikia iliyogawanyika kama mkasi, walikuwa wakizunguka juu ya maji, na mmoja wao akauendea ukingo wa udongo, akaingia katika tundu, akapotea. Hatukuwa na la kusema. Mwalimu akafunga darubini akaitia mfukoni.

Lakini baada ya kutafakari na kutazama tena, jambo likafunguka. Wako mbayuwayu wa namna nyingi. Hao weusi kabisa, tangu kichwani hata mkiani, ni wenyeji wa pande za misitu. Nao huchimba matundu katika kingo za udongo, na mwisho wa tundu huweka kiota chao. Aliyemwona mmoja akiingia ukingoni hakusema uongo. Kosa lake ni kudhani ya kuwa huyo ndiye yule wa masika, mwenye mgongo wa buluu na koo jekundu, aonekanaye kwa mamia juu ya mashamba ya chai tangu Oktoba mpaka Machi. Huyo wa pili hayumo katika tundu lo lote la Kiwira. Mwezi wa Julai yuko Ulaya, amejenga kiota chake cha tope chini ya paa la zizi la ng'ombe, analisha watoto.

Wanafunzi walicheka waliposikia hayo, wakidhani twafanya mzaha. Tukawaambia ya kuwa Wazungu nao walicheka vivyo hivyo, na kwa muda mrefu zaidi. Aristotle, mwenye hekima wa Kiyunani, aliandika ya kuwa mbayuwayu wengine hujificha mashimoni wakati wa baridi. Na mwaka 1555 askofu mmoja wa Sweden, Olaus Magnus, aliandika kitabu ambamo alisema ya kuwa wavuvi wa nchi za kaskazini huvuta katika nyavu zao mafungu ya mbayuwayu walioshikamana mdomo kwa mdomo, waliolala chini ya maji. Watu wenye elimu waliyasadiki maneno hayo kwa zaidi ya miaka 200. Kwa hiyo mvulana wa Rungwe asiyependa kushindwa na mwalimu wake ana wenzake wakubwa.

Aliyeleta ushahidi wa kwanza ulioshikika hakuwa mtu, bali korongo. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika nchi ya Mecklenburg huko Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe ambaye shingo yake ilikuwa imechomwa na mkuki mwembamba wa mti, wenye urefu wa kiasi cha sentimeta 80. Mkuki ule ulikuwa wa Kiafrika. Ndege yule alikuwa amechomwa huku kwetu, hakufa, akaruka nao shingoni mpaka Ulaya. Mpaka leo yumo katika Chuo Kikuu cha Rostock, amekaushwa pamoja na mkuki wake. Mara nyingi tumemfikiria yule mwindaji, ambaye jina lake halijulikani wala kabila lake, aliyerudi nyumbani jioni ile amekosa nyama na amepoteza silaha, wala hakujua ya kuwa ametuma barua.

Baada ya hayo watu wakaanza kutuma barua kwa makusudi. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, aliwafunga ndege pete nyepesi za madini miguuni, zenye namba na jina la mahali. Mwezi wa Mei mwaka 1911, Mwingereza mmoja, John Masefield wa Cheadle katika jimbo la Staffordshire, alimvika pete mbayuwayu aliyejenga kiota nyumbani kwake. Ndege yule alishikwa mwezi wa Desemba mwaka 1912 katika shamba moja huko Natal, kusini ya Afrika, pete yake ingali mguuni. Kutoka pale mpaka pale ni maili zipatazo 6,000, na ndege mwenyewe ana uzito usiozidi sana gramu 20, yaani uzito wa vijiko viwili vikubwa vya sukari au pungufu. Hapo mabishano ya Ulaya yalikwisha.

Kwa ajili hiyo twawaomba walimu na wazee wa vijiji jambo moja. Mtu akiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, pete isitupwe, wala isifanywe kipuli cha mtoto. Isomwe herufi na namba zake, iandikwe tarehe na mahali, na habari ipelekwe kwa ofisa wa wanyamapori au maliasili wa wilaya. Pete moja iliyosomwa ina faida kuliko mia zilizofungwa zikapotea.

Sasa turudi Rungwe, kwa maana habari ya mbayuwayu wa Ulaya ni nusu tu ya jambo, na nusu ya pili ni yetu wenyewe. Yuko mbayuwayu mwingine ambaye si mgeni. Huyu ni wa rangi ya buluu iliyoiva mwili mzima, yenye kung'aa kama chuma kipya, na mkia wa dume una nyuzi mbili ndefu nyembamba. Huzaa katika majani ya nyanda za juu za kusini, Kitulo ikiwa mojawapo, na pia Malawi, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Hajengi chini ya paa la mtu. Hushuka ndani ya shimo la ardhi, aghalabu pango la muhanga au mahali palipodidimia, akabandika kiota chake cha tope na majani humo gizani. Huja kwetu karibu na mwezi wa Septemba, na kufika Aprili hukusanya watoto wake akaondoka. Msomaji atadhani anakwenda Ulaya kama wengine, la. Huenda pande za Uganda na za magharibi ya Kenya, katika majani yaliyo karibu na Ziwa Viktoria, akangoja huko mpaka baridi yetu ipite. Basi Mnyakyusa atokaye Tukuyu mwezi wa Juni akaenda Kampala kwa biashara, aweza kukutana na jirani yake wa nyumbani njiani asimtambue.

Ndege huyu amehesabiwa kuwa miongoni mwa walio hatarini duniani. Sababu si mishale wala manati. Ni kwamba majani ya nyanda za juu yamelimwa na kupandwa misonobari, na shimo lililofukiwa halizai mbayuwayu. Kitulo, ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na huko angalau mashimo yamesalia.

Hapo mwanafunzi mmoja, mdogo kuliko wote, akauliza swali ambalo lilikuwa bora kuliko yote ya siku ile. "Kama baridi yamfukuza mbayuwayu, mbona haiwafukuzi hawa?" Akaonyesha mtoni.

Juu ya jiwe katikati ya maji alikuwa amesimama ndege mdogo wa rangi ya majivu, tumbo jeupe, na mstari mwembamba mweusi kifuani kama mkufu. Mkia wake ni mrefu, nao hautulii. Huupandisha na kuushusha kama mtu apimaye unga. Huyu hukaa katika mito ya milimani iendayo mbio juu ya mawe, wala hatafuti mahali pengine. Mwaka mzima yupo, masika na kipupwe.

Ili kumjibu mtoto tulivua viatu tukaingia majini. Maji yalikuwa ya baridi, lakini si kama hewa ilivyokuwa alfajiri, kwa kuwa maji hayabadiliki upesi kama hewa. Tukainua jiwe moja, tukaligeuza. Upande wake wa chini ulikuwa umejaa wadudu: wengine bapa, wenye nyuzi tatu mkiani, wakikimbia huku na huku, wengine wamejijengea vijumba vidogo vya mchanga, kila mmoja amelala ndani ya chake, na mtoto wa kereng'ende, asiye na mbawa bado, mkali kama nge. Wadudu hao hukaa majini muda wa miezi mingi kabla ya kuota mbawa. Wakati wa baridi na ukungu wadudu warukao angani huwa haba, na mbayuwayu, ambaye hula akiruka, aona meza yake haina kitu. Si baridi yenyewe imfukuzayo, ni njaa. Lakini ghala iliyo chini ya mawe haikufungwa. Alaye mtoni hana sababu ya kusafiri.

Ndiyo maana siku ile ya baridi, mbinguni palikuwa patupu na mtoni palikuwa pamejaa. Tulimwona mdiria mkubwa, yule aliye mkubwa kuliko wadiria wote wa Afrika, ameketi juu ya tawi akitazama maji, kifua chake chekundu kama matofali. Na kwa dalili hiyo tukajua kuwa ni dume, kwa kuwa jike wekundu wake uko tumboni. Alishuka mara moja akarudi na kaa, akampiga kwenye tawi mpaka miguu ikaanguka. Tulimsikia kwarara akipita na kelele zake, ambazo hakuna awezaye kuzisifu. Tukaona pia, katika panda ya mti ulioinamia maji, kiota cha fundi chuma, yule ndege wa rangi ya udongo ambaye kishungi chake humfanya kichwa kiwe kama nyundo. Kiota hicho hujengwa kwa vijiti elfu kadhaa, hupakwa tope ndani, na mlango wake ni mdogo. Juu yake mtu mzima aweza kusimama kisibomoke. Katika makabila mengi ya Afrika watu huogopa kukigusa, wakisema atakayekivunja atapatwa na msiba. Tulipokuwa vijana shuleni tulifundishwa kuzicheka imani hizo. Sasa hatuna haraka ya kucheka, maana hatujui ni amri gani nyingine ingaliweza kukilinda kiota kilicho karibu namna ile na njia ya watoto wenye manati.

Lakini jambo tulilojifunza zaidi lilitoka kwa yule mtikisa mkia. Tulipanda pamoja na mto, naye akawa akiruka mbele yetu jiwe kwa jiwe, yeye na mwenzake. Tukadhani twawafukuza mpaka juu mlimani. Tulipofika kwenye kona yenye mti mkubwa ulioanguka, wote wawili wakageuka, wakaruka juu ya vichwa vyetu, wakarudi walikotoka. Mbele ya mti ule tukakuta wawili wengine, nao hawakuuvuka kuja upande wa chini. Tulirudi nyuma tukajaribu tena, ikawa vilevile. Mto huu, ambao sisi twauona kuwa ni kitu kimoja tangu mlimani hata Ziwa Nyasa, kwao umegawanywa mashamba yenye mipaka, na kila mume na mke wana shamba lao. Bata weusi wa mtoni nao hufanya hivyo: wawili wawili, kila jozi na kipande chake cha mto.

Msomaji na afikiri maana yake. Mbayuwayu akikosa chakula hapa ana anga lote. Ndege wa mtoni akiharibiwa kipande chake hawezi kuhamia kwa jirani, maana kwa jirani kuna mwenyewe, naye atampiga.

Saa nane tulifika mahali ambapo bustani zimelimwa mpaka midomoni mwa maji. Hatuwalaumu wenye bustani bila kufikiri. Wakati wa kiangazi udongo wenye unyevu uko bondeni, na watoto hula mboga, hawali maneno. Lakini tuliona kwa macho. Ukingo ulikuwa umeanguka mahali pengi, na tope limelala juu ya mawe kama uji uliopoa. Tuliinua mawe kumi na mawili, wanafunzi wakihesabu kwa sauti. Chini yake palikuwa na tope, na minyoo michache myembamba. Katika mwendo wa robo saa hatukuona mtikisa mkia, wala mdiria, wala bata.

Hapo tulimkuta mzee mmoja akivua kwa ndoana. Tukamwamkia, "Mugonile, tata," naye akatuitikia kwa upole, akatuuliza, "Wanangu, mwatafuta nini mtoni na baridi hii?" Tulipomwambia twahesabu ndege, hakucheka. Alisema katika ujana wake bata walilala pale pale alipokaa. Kisha akatueleza jambo ambalo hatukulitazamia: ya kuwa miaka michache iliyopita vijana fulani walikuja usiku, wakaponda majani ya utupa wakayamwaga majini. Asubuhi samaki walielea matumbo juu, wakubwa kwa wadogo, na vijana wale wakajaza vikapu. "Siku ya kwanza tulikula sote," akasema mzee. "Siku ya pili hata kaa hayupo. Fundi chuma alikaa juu ya jiwe siku tatu, akaondoka." Hakuwataja vijana kwa majina, nasi hatukumwuliza.

Utupa hauwaui samaki peke yao. Huwaua pia wale wadudu walio chini ya mawe, yaani ghala yenyewe. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza kuvua kwa sumu. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza kazi za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi wameisikia namba hiyo ya 60, wakadhani imewekwa kwa kuwaonea wakulima. Mtu aliyeinua mawe ya juu na mawe ya chini ya Kiwira kwa siku moja hahitaji kuhubiriwa. Mizizi ya matete na miti hushika udongo. Kivuli hupoza maji. Majani yaangukayo ni chakula cha wadudu. Tulimwuliza mzee kama mita 60 zingemwachia shamba. Akapima kwa macho, akasema, "Mimi zingeniacha bila kitu. Lakini kama tungeacha hatua kumi tu za matete, sote, hata tope hili lisingekuwako." Tumeliandika neno lake kama alivyolisema, ili wale wanaokaa katika mabaraza ya vijiji walipime. Sheria yasema 60, mzee aweza kumi, na ukingo tuliouona ulikuwa na sifuri.

Wanafunzi waliandika katika daftari majina na hesabu za ndege wote, na mwalimu amekusudia kufanya hivyo kila mwezi katika kipande kile kile cha mto, pamoja na tarehe ya kwanza mbayuwayu wa koo jekundu atakapoonekana juu ya uwanja wa shule. Walimu wengine wakitaka kufanya kama yeye hawahitaji darubini. Macho ya watoto yatosha, maana siku ile yetu yalituacha nyuma mara nyingi.

Jua lilipokaribia kuzama tulikuwa tumerudi karibu na daraja la mawe, tumekaa chini ya mianzi tukila ndizi za kuchoma. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena. Mwalimu alikuwa akisema ya kuwa bata tumewakosa, na kwamba labda mzee alikuwa akikumbuka tu ujana wake. Ndipo tuliposikia sauti ya mbawa, na bata wawili weusi, wenye madoa meupe migongoni, wakapita kwa kasi chini kabisa, karibu kugusa maji, wakifuata kila pindo la mto. Walipanda kuelekea kule kwenye bustani. Tulingoja mpaka giza kuona kama watarudi.

Hawakupita tena. Yule mvulana aliyeapa akaandika katika daftari: bata, wawili, saa kumi na mbili na robo.